Tungojeane: Chakula cha Nyumbani Kinavyojenga Jamaa

Somo la jamaa, la kusomwa nyumbani au katika kikundi cha maombi

Maandiko ya kusoma: Kutoka 12:1-11 na 24-27, Ruthu 2:14-20, Yohana 21:1-17, 1 Wakorintho 11:20-22 na 33.

Kusudi la somo: Kukumbushana kwamba kula pamoja nyumbani ni kazi ya kiroho, hata kama chakula ni kidogo.



Tunakumbuka tulivyofika. Tangu Agosti 2017 wengi wetu tulivuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi, tukitoka Pweto, Moba na vijiji vingine vya Haut-Katanga na Tanganyika. Tulibeba vitu vichache: mtoto mgongoni, nguo, na wengine sufuria moja kichwani. Pale Kenani tulisimama mstari, sahani mkononi. Tulimshukuru Mungu na wote waliotulisha, kwa maana tulikuwa na njaa. Lakini mtu anayepokea chakula mstarini hula peke yake, hata akiwa kati ya watu mia. Kila mmoja aliangalia sahani yake.

Januari 2018 makao ya Mantapala yalifunguliwa, tukapewa mahali pa kujenga na pa kulima, karibu na ndugu zetu wa Zambia. Tukajenga nyumba, tukaweka mafiga matatu, tukawasha moto wetu wenyewe. Jiko likarudi. Swali la somo hili ni moja tu: je, meza nayo ilirudi?

Tunaposema meza, hatusemi mbao na miguu minne. Mkeka chini ya mti ni meza. Meza ni pale jamaa inapokaa pamoja, inapoomba pamoja, na kula pamoja kile kilichopikwa nyumbani.

Tulipotayarisha somo hili tuliulizana sisi kwa sisi: ni siku gani ya mwisho uliyokula na watoto wako wote? Tuliona haya. Wengine kati yetu sisi walimu hatukukumbuka. Baba yuko Kashikishi siku tatu kutafuta samaki wa kuuza. Kijana anarudi saa tatu usiku na kukuta sufuria imefunikwa. Binti anakula kwa rafiki yake. Watoto wadogo wanakula wakitembea. Mama anaonja akipika, halafu anasema, "Mimi nimeshiba." Nyumba moja, moto mmoja, lakini kila mtu anakula saa yake. Tumetoka mstarini, lakini mstari umetufuata mpaka nyumbani.

1. Chakula cha usiku wa kuondoka

Tusome Kutoka 12. Wana wa Israeli walikuwa karibu kuondoka katika nchi ya utumwa. Hatari ilikuwa mlangoni. Sisi tunajua usiku wa namna hiyo: watu wanakusanya vitu, watoto wanalia, hakuna anayefikiri juu ya kupika. Lakini Mungu aliwaagiza waandae chakula na kukila nyumba kwa nyumba, wakiwa wamevaa viatu, fimbo mkononi. Kabla hawajawa msafara, Mungu aliwataka wawe jamaa.

Tuone mambo mawili hapo. La kwanza, mstari wa 4: kama jamaa ni ndogo mno, ijiunge na jirani yake. Mungu aliwafikiria wajane, wazee waliobaki peke yao, na nyumba ambazo watu wake wamepungua. Kati yetu wako wengi wa namna hiyo. Yuko bibi anayelea wajukuu bila wazazi wao. Yuko kijana aliyefika peke yake. Somo hili si la wale tu walio na baba, mama na watoto. Jamaa iliyopungua inaweza kuungana na jirani, hata mara moja kwa juma.

La pili, mstari wa 26: watoto watauliza maana ya chakula hicho, nao wazazi watawaeleza. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa, au walifika wakiwa wachanga. Pweto hawaijui. Lakini mama akitwanga sombe, akitia mawese au karanga, mtoto anaweza kuuliza, "Nani alikufundisha kupika hivi?" Hapo mama anaanza kumtaja nyanya yake, kijiji, mto, shamba. Mtoto asiyekula pamoja na wazazi hana saa ya kuuliza maswali hayo.

2. Kungojeana ni upendo unaoonekana

Kanisa la Korintho lilikuwa na chakula, lakini lilikosa meza. Mtume Paulo anaeleza kwamba kila mmoja alitangulia kula chake, mpaka huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Wasio na kitu walitahayarishwa. Mtume hakuwaagiza watafute chakula kizuri zaidi. Aliwaagiza wangojeane.

Kungoja si jambo dogo mtu akiwa na njaa. Kumngojea mwenzako ni kumwambia bila maneno, "Wewe ni wa hapa. Bila wewe hatujatimia." Mtoto anayejua kwamba nyumbani wanamngoja atarudi. Mtoto anayejua kwamba hakuna anayemngoja, kwa nini arudi?

Tuanze na mama. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechelewa kukaa, tena ndiye anayepata sehemu ya mwisho. Akisema ameshiba, mara nyingi anatudanganya kwa upendo. Basi tuweke desturi hii: hakuna anayetia mkono katika bukari mpaka mama ameketi. Hasa mama mwenye mimba au anayenyonyesha asile mabaki, kwa maana anakula kwa ajili ya watu wawili.

Wengine watasema, "Kwetu wanaume hula peke yao na wanawake peke yao." Ni kweli. Hata wenyeji wetu Wabemba wana nsaka, mahali ambapo wanaume na wavulana hukaa, hula na kufundishwa. Hatusemi desturi hiyo ni dhambi. Zamani mvulana alipata pale wazee wa kumwonya na kumfundisha. Lakini tujiulize kwa kweli: hapa tulipo, wazee hao wako wapi? Kama mwana wako anakula na vijana wenzake barabarani, hiyo si nsaka. Anakula bila mwalimu.

3. "Umeokota wapi leo?"

Ruthu alikuwa mwanamke mgeni katika nchi isiyo yake. Hakuwa na shamba. Aliokota masuke nyuma ya wavunaji ili yeye na mama mkwe wake wapate kuishi. Siku ile Boazi alimpa bisi za kula. Ruthu alikula akashiba, na akaweka akiba. Jioni alimpelekea Naomi ile akiba. Angeweza kuimaliza njiani, hakuna ambaye angejua. Lakini alimkumbuka aliyebaki nyumbani.

Sasa tuangalie Naomi alifanya nini. Alipoona chakula hakunyamaza. Aliuliza: umeokota wapi leo, umefanya kazi kwa nani? Ruthu akaeleza yote, na katika mazungumzo hayo Naomi akatambua kwamba Boazi ni ndugu yao wa karibu, na mlango wa wokovu wao ukafunguka.

Ndugu wapendwa, hapa inatupasa kusema jambo zito. Kando ya Ziwa Mweru, kama kando ya maziwa mengi ya Afrika, iko biashara mbaya: msichana au mama mjane anapewa samaki kwa bei ya mwili wake. Binti anarudi na samaki, sufuria inajaa, kila mtu anachukua sehemu yake na kuondoka. Hakuna anayeuliza, kwa kuwa jibu linaweza kutuondolea kitoweo. Huo ukimya ni dhambi yetu kabla haujawa aibu ya binti.

Naomi aliuliza kwa upole, bila hasira. Jamaa inayokaa pamoja kila jioni inaweza kuuliza hivyo: "Mwanangu, leo ulikuwa wapi? Nani alikupa kazi? Alikulipa namna gani?" Mtoto akizoea kuulizwa siku za amani, atasema pia siku ya hatari. Akiulizwa siku ya hatari tu, ataficha. Na akisema jambo la kuumiza, tusimfukuze mkekani. Tumshukuru kwa kusema, tukae naye, tumfikishe kwa wauguzi na kwa wale wanaolinda watoto katika makao yetu. Na tukubali kula bukari na mboga tu, kuliko kula samaki wa namna hiyo. Mithali 15:17 inatufundisha kwamba mboga penye upendo ni bora kuliko nyama penye chuki.

4. Moto wa makaa kando ya ziwa

Katika Yohana 21 Bwana Yesu aliyefufuka anawapikia wanafunzi wake ufukoni. Wavuvi wetu wanaelewa vizuri: watu wamefanya kazi usiku kucha wakakosa kitu, asubuhi wamechoka, wana njaa na wana haya. Wanapofika pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Bwana anawaambia pia walete samaki waliovua wao. Chakula chake na chakula chao kinachanganywa.

Petro alikuwa na deni kubwa. Alimkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa (Yohana 18:18). Na sasa yuko tena mbele ya moto wa makaa. Je, Bwana alianza kumwuliza kabla hajala? Hapana. Mstari wa 15 unaonyesha kwamba maswali yalianza walipokwisha kula.

Baba na mama, tujifunze mpango huo. Wengi wetu tumefanya saa ya chakula kuwa saa ya hukumu. Ndipo tunataja sahani iliyovunjika, alama mbaya za shule, deni la dukani. Mtoto anameza bukari pamoja na machozi, na kesho yake anatafuta mahali pengine pa kula. Maonyo ni ya lazima, lakini yana saa yake. Kwanza tule. Kisha tumwite mwenye kosa, tuseme naye kama Bwana alivyosema na Petro, tukitafuta kumrudisha.

5. Siku za upungufu

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali inafunga uvuvi katika Mweru ili samaki wazae. Miezi hiyo ni ya mvua pia, na mashamba hayajakomaa. Samaki hakuna, mahindi ni machanga, na msaada haufiki sikuzote kama tunavyotazamia. Ukame wa 2024, ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa maafa ya taifa tarehe 29 Februari mwaka ule, ulitukumbusha jinsi unga unavyoweza kuadimika hata katika nchi iliyotupokea.

Siku hizo baba wengi huanza kutoonekana nyumbani. Si kwa sababu hawapendi watoto. Wanaona haya. Kwetu baba ni yule anayeleta. Asipoleta, anajiona hana haki ya kukaa, naye anakaa mbali mpaka watoto walale. Wengine wanapoza haya hiyo kwa pombe, na fedha kidogo iliyokuwapo inapotea.

Ndugu yetu, baba, sikiliza neno hili: nafasi yako mkekani si mshahara wa ulicholeta. Watoto wako walikosa nchi, walikosa nyumba, walikosa shule. Wasikukose na wewe pia kwa sababu ya samaki. Ukija mikono mitupu, njoo. Chota maji, waoshe watoto mikono, uongoze sala. Hilo ni chakula ambacho mtu mwingine hawezi kuwaletea. Na wewe mama, baba akija mikono mitupu, usimpokee kwa maneno ya kumchoma mbele ya watoto.

Siku ambayo kweli hakuna cha kupika, tusifichane. Jamaa ikae, iombe, halafu mmoja aende kwa jirani au kwa wazee wa kanisa. Mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) alikuwa na konzi moja ya unga, akampokea Eliya aliyekuwa amekimbia nchi yake. Kati yetu kila mmoja ana siku yake ya kuwa Eliya na siku yake ya kuwa mjane.

6. Mambo ya jikoni yasiyopaswa kusahauliwa

Kumpenda mtu ni pamoja na kumpikia vizuri. Haya si mambo ya mama peke yake. Wavulana nao wajifunze.

Mihogo michungu. Ilowekwe majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike, ndipo ianikwe juani ikauke kabisa kabla ya kutwangwa. Wakati wa njaa watu hufupisha siku, na sumu inabaki. Sumu hiyo inaweza kuleta ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafula, hasa ya watoto na akina mama. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 katika Kwango, huko kwetu Kongo. Na neno konzo katika lugha ya Wayaka ni miguu iliyofungwa. Konzo huwapata hasa wale wanaokula mihogo siku zote bila maharage wala samaki. Kwa hiyo hata kijiko cha maharage au cha chisense katika kila sahani ni kinga.

Sombe na mboga za majani. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana. Tuongeze karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, kwa maana mwili hupokea vitamini A ya majani vizuri zaidi pakiwa na mafuta. Karanga zilizoota ukungu tuzitupe, hata kama moyo unauma.

Chisense. Wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa si chakula cha aibu. Huliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo hujenga mifupa ya watoto. Tuwakaushe na kuwaweka akiba kabla ya Desemba. Wakitwangwa kuwa unga, hutiwa katika uji wa mtoto.

Mtoto mdogo. Tangu miezi sita mtoto huhitaji chakula pamoja na maziwa ya mama. Akila na kaka zake katika sahani moja, wao ni wepesi, yeye anabaki nyuma. Tumpe kisahani chake, akae katikati yetu, na mtu mmoja amngoje mpaka amalize. Huko nako ni kungojeana.

Mikono. Tusioshe wote katika beseni moja. Mmoja amimine maji kwa kopo, mwingine aoshe kwa sabuni au majivu. Kipindupindu kilichoisumbua Zambia mwaka 2023 na 2024 kilitufundisha kwamba mkono mchafu unaweza kuiondoa jamaa mkekani.

Kuni na makala. Jamaa inayokula saa moja huwasha moto mara moja. Inayokula saa nne mbalimbali hupasha sufuria mara nne, na watoto wanatumwa porini tena. Wasichana wasitumwe porini peke yao.

7. Tuanze wapi?

Hatusemi kila jamaa itaweza kila siku. Wengine wana kazi za usiku, wengine wako ziwani. Tuanze na jioni moja katika juma, tuipe jina na saa, watoto waijue. Jumapili baada ya ibada ni siku nzuri. Redio izimwe, simu iwekwe kando. Mtoto mmoja aombee chakula, na kila juma awe mwingine. Kila mtu aseme jambo moja aliloona siku hiyo. Aliye mbali atajwe kwa jina katika sala: walio Kongo, walio Meheba, waliopotea, waliolala. Hivyo hata wao tunawangoja.

Wale wakubwa wanakumbuka makambi ya Kala na Mwange, yaliyofungwa mwaka 2010. Jamaa ziliishi pale karibu miaka 10, na watoto wa wakati ule sasa ni wazazi. Kambi hufungwa, na watu huhama. Watoto wetu watakaporudi nyumbani, au watakapoishi katika nchi nyingine, hawataibeba nyumba ya Mantapala. Watabeba jinsi tulivyowakalisha, tukaomba, tukawangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yetu, nani hula wa mwisho? Kwa nini?
2. Watoto wetu wanapoleta kitu nyumbani, tunauliza kama Naomi, au tunanyamaza?
3. Je, saa ya chakula kwetu ni saa ya amani au ya hukumu? Watoto wajibu kwanza.
4. Ni jirani gani ambaye jamaa yake ni ndogo, tunayeweza kumwita mkekani petu?

Kazi ya juma hili: Chagueni jioni moja, mngojeane mpaka wote wamefika. Juma lijalo tutashuhudia katika vikundi vyetu yale Bwana aliyotenda.

Sala: Baba yetu, uliwalisha watu wako njiani, na Mwana wako aliwapikia rafiki zake kando ya ziwa. Bariki moto wetu na sufuria zetu. Warudishe walio mbali. Waondolee baba haya, na mama uchovu. Walinde binti zetu. Utufundishe kungojeana, mpaka siku tutakapoketi wote katika karamu yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.